Mishale Michache Podoni

Masomo: Zaburi 127, Mwanzo 1:28, 1 Samweli 1:1-20, Isaya 56:3-5, Marko 7:9-13

Jumapili nilipowaambia kwamba mahubiri ya leo yana hesabu ndani, vijana wa nyuma walicheka. Basi kwa wale waliokosa ibada, na kwa wale waliocheka, hesabu yenyewe ndiyo hii.

Uchunguzi wa uzazi uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja, kwa wastani, alikuwa akizaa watoto 8 maishani mwake. Ni nchi chache sana duniani zilikuwa mbele yetu. Mwaka wa 1989 wakahesabu tena, wakapata 6.7. Mwaka wa 1993 ikawa 5.4, na 1998 ikawa 4.7. Hapo katikati ikakwama kidogo, 2003 hata ikapanda hadi 4.9, halafu ikaanza kushuka tena: 3.9 mwaka wa 2014, na 3.4 mwaka wa 2022. Yaani katika miaka arobaini na kitu, chini ya umri wa wengi wa wazee wetu wa kanisa, familia ya Kenya imepungua zaidi ya nusu.

Mnaweza kuona jambo hili bila karatasi ya serikali. Angalieni picha ya harusi ya wazazi wenu, mhesabu mashangazi na wajomba. Halafu mhesabu wale watoto wenu watakaowaita shangazi na mjomba.

Sasa swali ambalo limeletwa kwangu mara nyingi, na ndilo lililozaa somo hili, ni moja: je, huu ni uasi? Mama mmoja aliniuliza waziwazi, "Mchungaji, hawa watoto wetu wamekataa baraka ya Mungu, na kanisa limenyamaza?" Na kijana mmoja, ambaye ana watoto wawili na mke wake amesema inatosha, aliniuliza upande wa pili: "Nikisimama na wawili, nimetenda dhambi?" Hao wawili wanakaa safu moja kila Jumapili. Nimeona afadhali niwajibu pamoja.

Kwanza tuone ni nini kilichotokea, maana kuna maelezo mengi barabarani. Wengine wanasema ni ubinafsi. Wengine wanasema ni mpango wa wazungu wa kutumaliza. Wengine, na hawa ni wahubiri wenzangu, wanasema ni roho ya utasa imeachiliwa juu ya taifa, na kwamba inahitaji kuvunjwa kwa maombi na mbegu ya sadaka. Mimi naamini maombi, mnanijua. Lakini taifa ambalo sensa ya 1979 ilipata watu kama milioni 15, na sensa ya 2019 ikapata milioni 47.6, haliwezi kuitwa tasa. Tunaendelea kuongezeka, kwa sababu wasichana waliozaliwa wakati familia zilikuwa kubwa ni wengi, na kila mmoja akizaa hata wachache, jumla bado ni kubwa. Ni kama lori linaloteremka mlima likiwa na mzigo: ukishika breki halisimami papo hapo.

Kilichotokea, kwa sehemu kubwa, ni kwamba watoto waliacha kufa. Hili hatulisemi vya kutosha madhabahuni, na ni ushuhuda. Mwaka wa 2003, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikuwa wakifa kabla ya kufikisha miaka mitano. Kufikia 2022 walikuwa 41. Bado ni wengi, na kila mmoja wao ana mama. Lakini nyanya zetu walizaa wanane wakijua kwamba huenda watazika wawili au watatu. Mama yangu alizaa tisa, tukakua saba. Hakuwa anafuata andiko. Alikuwa anafanya hesabu ya surua na malaria. Chanjo zilipofika, neti zikafika, mama akaona wale aliozaa wanabaki, hesabu ikabadilika yenyewe.

Halafu wasichana wakaenda shule. Katika uchunguzi wa 2022, mwanamke ambaye hakusoma kabisa alikuwa na wastani wa watoto 6.3, na yule aliyeendelea zaidi ya sekondari 2.8. Halafu shamba likagawanywa. Babu alikuwa na ekari kumi, baba akapata mbili, wewe umepata ploti ambayo ukijenga choo hakuna mahali pa kupanda sukuma wiki. Halafu karo. Sitaongea sana juu ya karo, mwezi wa kwanza unatuhubiria sisi sote.

Na ndiyo, kuna kupanga uzazi. Serikali yetu ilianzisha mpango huo mwaka wa 1967, miongoni mwa za kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka wa 1978 ni wanawake 7 tu kati ya 100 walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote. Mwaka wa 2022 walikuwa kama 63. Wapendwa, hesabuni safu zetu. Katika hao 63 kuna wake wa wazee wa kanisa, kuna waimbaji, kuna waombaji wa kesha. Nimesikia kuna dada wanapanda matatu hadi mji wa pili ili wasionekane kliniki na mshirika mwenzao. Aibu hiyo haikutoka katika Biblia. (Juu ya kutoa mimba nilifundisha mwaka jana, na msimamo wetu haujabadilika, sirudii hapa, maana ni jambo lingine na watu hupenda kuyachanganya.)

Lakini mtu akiwaambia "Wakenya wameacha kuzaa", muulizeni Wakenya gani. Mwaka huo wa 2022 Nairobi ilikuwa na wastani wa 2.5, na Mandera 7.7. Ni nchi moja, bendera moja. Kwa hiyo hatuongei juu ya pepo mmoja aliyeruka juu ya Kenya nzima. Tunaongea juu ya maji, hospitali, shule, mifugo, kodi ya nyumba, na usalama wa uzee. Mahali ambapo mtoto bado ni mchungaji wa mbuzi na bima ya uzee, watu wanazaa wengi. Mahali ambapo mtoto ni gharama ya miaka ishirini, wanazaa wachache. Hapo ndipo Zaburi 127 inapoanza kueleweka.

Fungueni Zaburi hiyo, mstari wa 3 hadi wa 5. Mwimbaji anasema watoto ni urithi kutoka kwa Bwana, anawafananisha na mishale, na anamwita mwenye podo lililojaa mtu wa heri. Tumeihubiri mara nyingi na kuishia hapo. Lakini mstari wa 5 unataja lango. Lango la mji wakati ule lilikuwa ndiyo mahakama, ndiyo soko, ndiyo baraza la chifu. Mtu akikunyang'anya shamba, kesi inasikizwa langoni, na aliye na wana saba nyuma yake haonewi kirahisi. Mwimbaji anamshukuru Mungu kwa sababu watoto wanalinda mnyonge. Sasa rudini mstari wa 1, ambao huwa tunausoma kwenye kufungua jengo tu. Zaburi hiyo hiyo inasema bila Bwana mjenzi anajisumbua bure. Inamhusu mwenye watoto kumi na mwenye mmoja sawasawa. Podo kujaa ni baraka. Haijaandikwa popote kwamba podo lina mishale mingapi. Na mshale usiochongwa, hata ukiwa na hamsini, ni kuni.

Na Mwanzo 1:28? Watu hunitupia andiko hilo kama jiwe. Someni vizuri: linaanza kwa kusema Mungu aliwabariki. Ni baraka inayotamkwa juu ya watu wawili katika dunia tupu, na inarudiwa kwa Nuhu katika Mwanzo 9:1 baada ya gharika, dunia ikiwa tupu tena. Ni neno zuri, halijafutwa. Lakini Bwana wetu Yesu hakuzaa, Paulo hakuzaa, na hakuna mtume hata mmoja aliyeandikia kanisa barua ya kulipa idadi ya watoto. Kwa hiyo, yule kijana wangu wa watoto wawili: hapana, hujatenda dhambi kwa idadi. Kama unaficha mke wako jambo, au kama yeye anakuficha, hapo kuna dhambi. Mkae chini muongee, wote wawili, na mwombe. Na mama mkwe asiitwe kikaoni.

Nisimame kidogo kwa mama mkwe, maana hapa ndipo machozi yalipo.

Wengi wetu hapa tuna desturi ya majina. Kwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza anaitwa baba ya mume, wa pili baba ya mke. Msichana wa kwanza mama ya mume, wa pili mama ya mke. Ni desturi nzuri sana, inamrudisha mzee nyumbani akiwa bado hai. Lakini hebu hesabuni: inahitaji watoto wanne, na tena wavulana wawili na wasichana wawili. Familia ya watoto wawili ikitokea ni wasichana wote, babu wote wawili hawajapata jina. Wakiwa mvulana na msichana, upande wa mke haujapata kitu kabisa. Nimeketi katika nyumba ambapo mzee hajaongea na binti yake miaka mitatu kwa jambo hili. Hakuna aliyemkosea, ni hesabu tu imekataa. Kuna waliotatua kwa kumpa mtoto majina mawili, la huku na la kule. Kuna waliokubaliana kwamba wa pili aende upande wa mama bila kujali. Kuna mama mmoja mzee alimwambia mkwe wake, "Usizae kwa ajili ya jina langu, nitunze tu nikiwa nalo." Nilitamani ningekuwa na kinasa sauti. Wazee, nawaomba: mkiona wajukuu wawili, msiulize mbele ya wageni wa tatu yuko wapi. Hamjui ni mimba ngapi zilitoka bila kutangazwa.

Ndipo nilipowapeleka kwa Hana. 1 Samweli 1. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa, na mwaka baada ya mwaka, wakienda nyumbani mwa Bwana, Penina anamchokoza hadi Hana anaacha kula. Angalieni mahali: ni safari ya ibada. Uchokozi ulifanyika njiani kuelekea kanisani. Na kuhani, Eli, alipomwona anaomba midomo ikitikisika, akadhani amelewa. Kwa hiyo Hana aliumizwa na mwabudu mwenzake na akashukiwa na mtumishi wa Mungu, siku moja. Nauliza: Penina wako katika viti vyetu? Siku ya Mama tunawasimamisha akina mama wote, tunawapa maua, wale wengine wanabaki wameketi kanisa zima likiwaona. Mwaka huu halitafanyika hivyo. Nimeshaongea na mama kiongozi, maua yatapewa kila mwanamke mlangoni akiingia. Nasi tunajua Mungu alimpa Hana Samweli. Tunaombea dada zetu na tumeona wakipokea. Lakini Isaya 56:3-5 inaongea na yule ambaye hatapokea. Mungu anamwahidi nafasi na jina ndani ya nyumba yake, bora kuliko wana na mabinti. Kama Mungu amempa jina ndani ya nyumba, sisi ni nani kumwita tasa mlangoni?

Yule mama wa safu ya mbele asidhani nimemaliza na upande wake bila kumsikia. Ana jambo. Kuna kushuka, na kuna kuanguka.

Wengi wenu mnalijua jina la David Yonggi Cho. Kanisa la Yoido Full Gospel, kule Seoul, alilianzisha mwaka wa 1958 kwenye umaskini baada ya vita, likawa moja ya makanisa makubwa zaidi duniani. Makanisa mengi ya Kipentekoste yalijifunza kwake vikundi vya nyumbani. Basi Korea Kusini ya wakati ule ilikuwa kama sisi: mwaka wa 1960 mwanamke alizaa kama watoto 6. Serikali ikaanza mpango wa uzazi 1962, ikahimiza familia ndogo kwa bidii. Kufikia 1983 wastani ulikuwa umeshuka chini ya 2.1, ambayo ndiyo idadi inayohitajika ili kizazi kijirudishe. Haukusimama hapo. Serikali ikageuka, ikaanza kuwalipa watu wazae, pesa nyingi sana, na wastani ukazidi kushuka. Mwaka wa 2023 ulikuwa 0.72.

Fanyeni hesabu hiyo na kalamu. Chukueni wanandoa 100, watu 200. Kwa 0.72 watazaa watoto 72. Hao 72 wakioana ni jozi 36, nao kwa kiwango hicho hicho watazaa kama 26. Babu na nyanya 200, wajukuu 26. Nani atawasukuma kwenye viti vya magurudumu?

Na hapa ndipo linapotuuma sisi watu wa uamsho. Nchi ile ilikuwa na milima ya maombi, kesha zilizojaa, wamishenari kila bara. Uamsho haukujaza vitanda vya watoto. Kwa nini? Nyumba Seoul ni ghali kupita kiasi, kazi inaanza alfajiri na kuisha usiku, mama akizaa anaweza kurudishwa nyuma kazini, na mtoto akianza shule lazima alipiwe tuisheni hadi usiku ili asiachwe na wenzake. Vijana wakaangalia, wakasema hatuwezi. Sisi hatujafika huko, 3.4 ni mbali na 0.72. Lakini nikisikia Nairobi iko 2.5, na nikisikia vijana wetu wakiongea juu ya kodi ya nyumba, kazi ya kandarasi ya miezi mitatu, na shule ya kulipia kutoka umri wa miaka mitatu, naona ni barabara hiyo hiyo, sisi tuko nyuma tu. Kuwaambia "zaeni" bila kubeba chochote pamoja nao ni kufanya kazi ya yule Mkorea wa serikali, tena bila hata pesa yake.

Yeremia 29:6 linanigusa hapa. Mungu anawaambia mateka wa Babeli waoe, wazae, wasipungue. Watu wa kambi! Lakini someni mstari wa 5 kwanza: wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda. Nyumba na chakula vinatajwa kabla ya mtoto. Mpangilio huo si wa bahati.

Basi nimalizie na wazee, kwa sababu familia zikipungua wao ndio wanaoona kwanza. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Mpango wa Inua Jamii unamsaidia mzee wa miaka 70 na kuendelea kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, akiwa ameandikishwa. Zinazobaki zinatoka kwa watoto. Zamani mzigo wa mama mzee uligawanywa kwa saba. Mmoja akikosa kazi, sita wapo. Sasa unagawanywa kwa wawili, na mmoja wa hao wawili yuko Qatar. Wajukuu wetu wataugawanya kwa mmoja.

Yesu aliliongelea jambo hili katika Marko 7:9-13. Kulikuwa na desturi ya korbani: mtu anatangaza mali yake ni wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo hawezi kumsaidia baba wala mama. Viongozi wa dini waliikubali. Yesu akasema wametangua neno la Mungu. Sikilizeni, na wazee wa kanisa msikilize zaidi: kuna binti hapa ana mshahara mmoja, mtoto mmoja, mama mgonjwa kijijini, na hana ndugu. Tukimpigia simu juu ya ahadi yake ya ujenzi kabla hajanunua dawa ya presha ya mama yake, tunampa korbani. Paulo anasema katika 1 Timotheo 5:8 kwamba asiyetunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Kamati ya ujenzi imekubali kwamba mtu wa namna hiyo aongee nami, na ahadi yake isimamishwe bila kusomwa jina. Paa linaweza kungoja.

Kwa vikundi vya nyumbani Jumatano: someni Ruthu 4:13-17 na mjadiliane kwa nini wanawake wa Bethlehemu walimwambia Naomi kwamba mkwe wake ni bora kwake kuliko wana saba. Waliooa waongee wenyewe kwa wenyewe nyumbani, si kikundini, kama uamuzi wa idadi ya watoto umefanywa na wawili au na mmoja. Halafu kila kikundi kiandike majina ya wazee walio karibu nanyi ambao hawana mtoto wa kuwafikia katika muda wa saa moja, washirika au si washirika. Mwandike pia nani ana ufunguo wa pili wa nyumba yake. Karatasi zimfikie katibu wa kanisa kufikia Ijumaa, akina dada wa huduma wataanza kuwatembelea Jumamosi baada ya usafi.